Matanga yakiisha, mbwa ni wa nani?

Familia ya Goma ikikaa kikao baada ya matanga, vya kugawana havikosekani: parseli, pikipiki, hata simu ya marehemu. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu. Kisheria mbwa naye ni mali, ila hakuna anayemgombania. Mjane anamwogopa, shemeji anatafuta wa kumuuzia, na muda si mrefu mnyama yuko barabarani anapekua takataka.

Hapo ndipo mfugaji aliyemzalisha angepaswa kubisha hodi. Ulaya, wafugaji makini huandika kabisa kwenye mkataba: mwenye mbwa akifa au akishindwa, mbwa arudi alikozaliwa. Kwetu mtu ananunua mtoto wa mbwa aina ya berje kando ya barabara, anahesabu dola, kwaheri. Muuzaji hata jina la mnunuzi haliandiki.

Wala mfano wa mbwa asiyebaki bila mwenyewe hauko mbali. Rumangabo, kaskazini mwa Goma, Hifadhi ya Virunga ina kikosi cha mbwa kilichoanzishwa 2011 kwa msaada wa daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Walianza na bloodhound, wale wenye masikio ya kuburura ambao Wabelgiji huwaita mbwa wa Saint-Hubert, wafuate nyayo za majangili. Baadaye wakaja spanieli wa kunusa pembe za ndovu na silaha. Hifadhi hiyo imezika askari zaidi ya 200 waliouawa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020 pekee, 12 waliuawa karibu na Rumangabo. Mahali kama pale, kumfanya mbwa awe wa mtu mmoja ni kumponza. Mbwa ni wa kikosi: mshika kamba akianguka, banda lipo na chakula kipo.

Nyumbani kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu berje wa ulinzi amezoea sauti moja na mkono mmoja. Mfugaji mwenye akili haji siku ya mazishi, watu wamejaa na mbwa amechachamaa. Anakuja uani pametulia, anakaa, anamlisha kwa bakuli lake lilelile, na anaondoka na gunia analolalia bila kulifua, harufu ya nyumba isipotee ghafla. Kisha anadai kadi ya chanjo. Ikikosekana, mbwa atengwe na achanjwe, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Na asimuuze upesi. Mbwa aliyekataa chakula juzi anaweza kumng'ata bosi mpya kesho.

Linabaki suala la pesa, na ndilo litakalowagombanisha. Familia itasema mbwa alinunuliwa, irudishiwe bei. Mfugaji atahesabu chakula na daktari. Nionavyo, mbwa arudi bila malipo, na akiuzwa tena familia ipewe sehemu. Na hayo yaandikwe siku mtoto wa mbwa anaponunuliwa, mbele ya mke au mtoto mkubwa wa nyumba, kwa kuwa ndio watakaopiga simu.