Mbegu za Mlima Masaba

Tarehe 1 Machi, mwaka 2010, ardhi iliporomoka wilayani Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Kijiji cha Nametsi kilifukiwa. Askari wa jeshi la Uganda walikuwa miongoni mwa waliochimbua matope kwa majembe wakitafuta miili. Pamoja na nyumba hizo ilizikwa pia akiba ya mbegu, hasara ambayo haikutajwa sana.

Tangu zamani wakulima wa mlima huo, Wagisu na Wasabini, wamejiwekea mbegu zao wenyewe. Mashina machache ya mnavu, mgagani, kunde na maboga huachwa shambani mpaka yakomae. Mbegu huanikwa, huchanganywa na jivu ili zisiliwe na wadudu, kisha hutiwa kibuyuni na kutundikwa juu ya meko, moshi uzihifadhi. Kazi hiyo aghalabu ni ya akina mama. Mbegu chotara za dukani huzaa sana. Lakini mazao yake yakipandwa tena hayafanani na ya kwanza, na mkulima hurudi dukani kila msimu.

Hata hivyo, kibuyu kimoja katika nyumba moja ni hatari. Askari ajua kwamba risasi zote haziwekwi ghala moja. Ndiyo maana desturi ya kugawiana mbegu ina uzito kuliko kibuyu chenyewe: binti aolewapo aweza kuchukua mbegu za mamaye, na jamaa aliyeshuka kuishi Nkoma, mjini Mbale, akapanda mnavu ule ule nyuma ya nyumba yake. Mlima ukiporomoka tena, mbegu zitapandishwa kutoka huko.