Mfanyabiashara aliyeikimbia faida

Kila mtoto wa Pwani aliyepita chuoni ameihifadhi Alhakumu. Ni sura fupi, na huhifadhiwa mapema, pengine kabla meno ya utotoni hayajaisha kung'oka. Maana yake huja baadaye, mtu akishakuwa na mke, watoto na madeni: kwamba kushindana kwa wingi wa mali huwapumbaza watu mpaka siku ya kuingia kaburini. Waama, sikutaraji kuikumbuka sura hiyo katika soko la Bungoma, nikizungumza na mzee wa Kikristo juu ya bei ya mahindi. Lakini hekima haina kabila, na mwenye akili huiokota aionapo.

Kwa msomaji ambaye hajafika pande hizo, Bungoma na Kitale ni miji miwili iliyo chini ya Mlima Elgon, magharibi ya Kenya. Bungoma iko juu ya njia ya reli iendayo Malaba na Uganda. Kitale ni mwisho wa tawi la reli lililofika huko mwaka 1926, na ndio mji mkuu wa Trans Nzoia, ghala la mahindi la nchi nzima. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilizaliwa Kitale mwaka 1956. Huko mahindi ni chakula, ni karo ya shule, ni mahari, na ni kesi mahakamani.

Mahindi huuzwa kwa gunia la kilo 90, na kwa mnunuzi mdogo huuzwa kwa gorogoro, yaani mkebe wa kilo mbili uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Mkebe huo una siri zake. Ukigongwa kitako ukabonyea ndani, mnunuzi hupoteza kiganja kizima kila mara upimwapo. Na gunia nalo lina siri zake: makavu huwekwa juu, mabichi yakafichwa chini. Sisi tumesoma habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vikatoka na umaji. Akamkemea mwenye mali, akasema kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Utadhani habari hiyo ilitokea Kitale jana asubuhi.

Mzee niliyezungumza naye ni muumini wa Kanisa la Marafiki, ambao Waingereza huwaita Quakers. Watu wa Pwani hatuwajui sana, ingawa mlango walioingilia ulikuwa wetu. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walipanda reli iliyokuwa imekwisha kufika Kisumu, kisha wakaenda kupiga hema Kaimosi. Misheni yao iliitwa ya kazi za mikono, na kweli walijenga kiwanda cha kupasulia mbao kwa nguvu za maji. Kutoka Kaimosi dini yao ilienea kaskazini kwa Wabukusu, wakafungua kituo Lugulu, na baada ya uhuru wakulima wao wakahamia mashamba yaliyoachwa na walowezi Trans Nzoia. Leo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko Kenya.

Marafiki hawa, tangu walipoanza Uingereza katika karne ya 17, walikuwa na mambo mawili yaliyowashangaza wenzao. La kwanza, walikataa kula kiapo, kwa hoja kwamba mkweli hana haja ya kiapo. La pili linatuhusu sisi wenye maduka: walikataa kupatana bei. Kutaja shilingi kumi huku unakusudia saba, kwao ulikuwa ni uwongo. Kitu kilikuwa na bei moja, kwa tajiri na kwa maskini, na mzazi aliweza kumtuma mtoto dukani bila ya hofu. Mwanzo wateja waliwakimbia. Baadaye wakarudi, na maduka ya Marafiki yakatajirika kwa sababu ya kuaminiwa. Na utajiri ndio uliowaletea mtihani wa pili.

Mtihani huo unaonekana wazi katika maisha ya Rafiki mmoja wa Marekani, John Woolman, aliyezaliwa New Jersey mwaka 1720. Alipokuwa kijana aliajiriwa dukani. Siku moja tajiri wake akamwambia aandike hati ya kumuuza mwanamke Mweusi. Akaandika, lakini moyo ukamsuta, naye akasema mbele ya tajiri wake na mnunuzi kwamba utumwa haupatani na dini yao. Alipoombwa tena na mtu mwingine, alikataa.

Baadaye alifungua duka lake mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, akaanza kuuza vifungo na nyuzi, kisha vitambaa, kisha bidhaa nyingine. Mungu akambariki, duka likapanuka mwaka hadi mwaka. Mtu mwingine angeshukuru akaongeza chumba. Woolman alianza kuogopa. Aliona kwamba mali imeanza kumla wakati na fikira. Aliona pia jambo ambalo wenye maduka wengi hatupendi kulitazama: wateja wake maskini walinunua kwa mkopo vitu vya anasa, wakashindwa kulipa, wakaburutwa mahakamani. Faida ya duka na machozi ya jirani vilikuwa vikiandikwa katika daftari moja.

Basi kwanza akaacha kuuza vitu vya fahari. Kisha akawaeleza wateja nia yake, ili wapate nafasi ya kutafuta duka jingine. Mwaka 1756 akaacha uchuuzi kabisa. Alibaki na sindano yake, bila hata mwanafunzi wa kumsaidia, na bustani ya miche ya matofaa aliyoipalilia mwenyewe. Muda alioupata aliutumia kutembea kwa Marafiki wenzake waliomiliki watumwa, nyumba kwa nyumba, akiwasihi wawaache huru. Alifariki York, Uingereza, mwaka 1772, kwa ndui. Miaka minne baadaye Marafiki wa Philadelphia walipiga marufuku mwenzao yeyote kumiliki mtumwa. Najiuliza: angepata wapi miguu ya kutembea safari zote hizo, lau angalikuwa bado anahesabu majora ya vitambaa?

Mzee wa Bungoma hakunitajia Woolman. Alinisimulia yake. Alikuwa na duka, kinu cha kusaga unga, na lori. Kila karo za shule zilipokaribia, wakulima walimjia kuuza mahindi yakiwa bado yamesimama shambani, kwa bei ya kutupa. Alinunua. Wakati wa mavuno lori lake lilikwenda kuchukua mahindi mlangoni mwa watu waliobaki bila chakula.

“Sheikh,” akaniambia, “Jumapili nilikuwa naketi kanisani na watu hao hao kwenye benchi moja. Tunaimba pamoja. Mimi najua mahindi yao yako kwa stoo yangu.”

Nikamuuliza, “Ukafanyaje, mzee wangu?”

“Niliuza lori. Duka nikafunga. Nikabaki na kinu. Mtu akileta debe lake namsagia, ananilipa, anaenda. Deni hakuna. Vijana wangu walikasirika sana. Majirani wakasema nimefilisika.”

“Na wewe wasemaje?”

Akacheka. “Mimi nalala.”

Neno hilo lilinigusa, kwa kuwa nawajua matajiri wengi wa kwetu, kutoka Lamu hadi Vanga, ambao wana kila kitu ila hilo. Tena sheria aliyoifuata mzee yule kwa kusutwa na moyo, sisi tumefundishwa vitabuni. Mtume alikataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kuiva. Imamu Abu Hanifa, ambaye fiqhi yake inafuatwa na mamilioni, alikuwa mfanyabiashara wa hariri mjini Kufa. Husimuliwa kwamba mshirika wake aliuza kitambaa chenye kasoro bila kumwonyesha mnunuzi. Imamu alipopata habari alitoa sadaka fedha yote iliyopatikana. Hakusema kwamba biashara ni biashara.

Wala tusijidanganye kwamba Pwani haikupita Kitale. Masimulizi ya mji huo yanasema kwamba palikuwa na kituo cha misafara ya watumwa, na kwamba klabu ya walowezi ilijengwa baadaye pale pale walipokuwa wakizuiliwa. Misafara hiyo ilielekea bahari yetu hii. Biashara ile ilikuwa na faida kubwa, na waliokuwa wakiifanya walikuwa watu wa kusali. Hapo ndipo inapoonekana hatari ya mtu kuuliza tu, “Nimepata ngapi?” bila ya kuuliza, “Nimepata kwa nani, naye amebaki na nini?”

Sisemi kila mtu afunge duka. Dini yetu ilikuja kwa mfanyabiashara, na Bibi Khadija alikuwa tajiri wa misafara. Maskini hawalishwi kwa umaskini wa wengine. Ninachosema ni kwamba ushujaa wa kupanua biashara tunausifu kila siku, na ushujaa wa kuipunguza tunauita wazimu au kufilisika. Mtu anayejua tawi lipi la biashara yake linamdhulumu jirani, akalikata kwa mkono wake mwenyewe huku bado linazaa, huyo ni shujaa, awe amevaa kanzu au koti la Jumapili. Na anayeona maduka yake yamemnyima sala ya jamaa, wanawe hawajui sura yake ila usiku, naye pia ana la kujiuliza.

Kwa kuwa kalamu yangu haiwezi kutua bila ya ubeti, namwachia msomaji huu:

Mali ikizidi mno, mwenyewe huwa mtumwa,
Huvunjika mapatano, na jirani akaumwa,
Heri kazi ya mkono, riziki iliyopimwa,
Mizani ishike vyema, uikumbuke Kiyama.