Mwalimu, kompyuta itampeleka wapi?

"MWALIMU, kompyuta itampeleka wapi? Kufungua kibanda cha kutoa fotokopi?"

Swali hilo niliulizwa wiki iliyopita na mzazi aliyekuja shuleni kwetu na fomu ya mwanawe mkononi. Kijana anaongoza darasa kwa hesabu na fizikia, naye anataka kusomea uhandisi wa programu za kompyuta. Baba anataka udaktari, ili mtoto "aisaidie sayansi".

Nikamwambia, "Keti kwanza, mzee. Sayansi nayo ina mafundi wake." Nikamsimulia habari za Tim Berners-Lee.

Huyu ni Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1955. Alisoma fizikia Oxford, akamaliza mwaka 1976, lakini riziki aliitafuta katika kuandika programu. Mwaka 1980 alipata kazi ya miezi sita CERN, maabara kubwa ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Huko wanasayansi hukimbiza chembe ndogo kuliko atomu na kuzigonganisha, ili wajue vitu vimeundwa na nini. Mitambo hiyo haiendeshwi kwa mikono mitupu. Kompyuta ndizo zinazoiongoza na kukusanya takwimu za majaribio. Bila mtu wa programu, mtafiti hukaa akitazama ukuta.

Kilichomsumbua Berners-Lee ni kwamba watu pale ni maelfu, kompyuta zao za kila aina, na wengi hukaa miaka michache tu kisha huenda zao. Mtu akiondoka, anaondoka na alichokijua. Kwa kujisaidia mwenyewe aliandika programu aliyoiita Enquire, iliyomwonyesha nani anahusika na mtambo gani na programu ipi. Mkataba ulipokwisha aliiacha diski yake pale pale, nayo ikapotea!

Hapo nilinyamaza kidogo. Mimi nilisoma ukimbizini, kambini mkoani Kigoma, Tanzania. Mwalimu wetu wa hesabu hakuwa na kitabu. Somo zima alikuwa ameliandika kwa mkono katika daftari moja nene. Alipohamia kambi nyingine aliondoka nalo. Aliyemfuata hakujua tulipofika, akaanza upya. Muhula mzima tulirudia tuliyokwisha kuyamaliza, na mtihani ulitukuta hatujaigusa aljebra.

Berners-Lee alirudi CERN mwaka 1984, kushughulikia mifumo ya kukusanya takwimu na kuongoza mitambo. Machi 1989 alimpelekea mkubwa wake, Mike Sendall, andiko la kupendekeza habari zote za maabara ziunganishwe. Sendall aliandika juu yake kwamba halieleweki vizuri lakini linasisimua. Hakulitupa. Mwaka 1990 aliruhusu inunuliwe kompyuta moja ya NeXT, na kufikia mwisho wa mwaka huo wavuti, huu tunaoufungua leo kwenye simu, ulikuwa unafanya kazi. Kompyuta hiyo ilibandikwa karatasi yenye onyo la wino mwekundu: isizimwe. Ingezimwa, wavuti wote duniani ungezimika. Na wengi pale CERN waliutumia kwanza kutafutia namba za simu za wenzao, basi.

Aprili 30, 1993, CERN iliutoa bure kwa kila mtu. Miezi sita baadaye nchi yetu iliwaka moto, nami nikavuka mpaka nikiwa nimeshika kanga ya mama.

"Kwa hiyo huyo hakuwa mwanasayansi?" mzee aliuliza.

"Sayansi aliisomea, mzee. Lakini kazi yake ilikuwa kuwatumikia wanasayansi."

Sikumficha kwamba Geneva ni mbali, na kwamba huenda kijana akaanzia kweli kwenye kibanda cha fotokopi. Akauliza kuhusu mshahara. Sikuwa na jibu.

Aliikunja fomu akaitia mfukoni, bado haijajazwa. Zinatakiwa kurudishwa Jumatatu.