Wateja Lengwa wa Vituo vya Mauzo kwa Televisheni: Mfano wa HSN na QVC Nchini Marekani

Makala haya yanafafanua aina za wateja ambao vituo vya mauzo kwa televisheni hujitahidi kuwavutia, yakijikita katika vituo viwili vikongwe vya Marekani, yaani HSN na QVC. Suala hili limegubikwa na dhana moja iliyoenea: kwamba mtazamaji wa vituo hivyo ni ajuza mpweke, mwenye fedha kidogo na usingizi haba, anayenunua asichokihitaji kwa kuwa hana wa kuzungumza naye. Dhana hiyo haikuzuka bure. Hata hivyo, inachanganya watu wawili wanaopaswa kutenganishwa: mtu anayetafutwa na kituo na mtu anayeweza kudhuriwa na kituo. Uchambuzi usiowatenganisha hao huishia ama kuwahurumia wanunuzi wasiohitaji huruma, ama kutomwona anayeumia.

Asili ya biashara yenyewe haikuwa na mteja lengwa. Mwaka 1977, stesheni ndogo ya redio huko Clearwater, Florida, ilipokea vifungua makopo 112 vya umeme kutoka kwa mfanyabiashara aliyeshindwa kulipia matangazo yake. Mtangazaji Bob Circosta alivinadi hewani, na vyote vikanunuliwa. Kutokana na tukio hilo, Lowell Paxson na Roy Speer walianzisha kipindi cha mauzo kwenye kebo ya eneo lao mwaka 1982, na mwaka 1985 wakakipeleka nchi nzima kwa jina la Home Shopping Network, yaani HSN. Bidhaa nyingi za awali zilikuwa salio la viwanda na maghala, na mtazamaji aliweza kununua tu wakati bidhaa ikiwa kwenye kioo. Utaratibu huo ulimfaa mtu wa aina moja: mwenye muda wa kukaa akisubiri, na anayefurahia kupata kitu kwa bei ya chini kuliko jirani yake. Alikuwa mwindaji wa bei, na mwindaji hana uaminifu kwa msitu mmoja.

QVC ilianza matangazo Novemba 1986 kutoka West Chester, Pennsylvania, chini ya Joseph Segel. Huyu alikuwa mwanzilishi wa Franklin Mint, kampuni ya medali na vitu vya ukumbusho, kwa hiyo alijua tabia za watu wanaonunua kidogo kidogo kwa miaka mingi. Herufi za jina la kituo chake zinasimamia maneno matatu: ubora, thamani na urahisi. Neno “nafuu” halimo. Watangazaji wake walizungumza kwa utulivu, wakaonyesha mshono wa ndani wa koti, wakaeleza namna ya kufua shuka. Mlengwa hapa alikuwa mwanamke mwenye nyumba yake, mwenye kadi ya benki, na mwenye mazoea ya kuuliza maswali kabla ya kulipa. Mwaka 1992, mbunifu wa mavazi Diane von Furstenberg aliuza nguo zake za hariri kwenye kituo hicho, na mauzo yakapita dola milioni moja katika muda usiozidi saa mbili. Ni vigumu kulieleza tukio hilo kwa dhana ya ajuza maskini.

Swali lenye uzito zaidi ni kwa nini mwanamke huyo, ambaye kampuni yenyewe imekuwa ikimweleza kuwa na umri wa kati ya miaka 35 na 64, ndiye aliyechaguliwa. Sehemu ya jibu imo katika njia ya usambazaji. Kituo kilifika katika nyumba zilizolipia kebo au setelaiti, na makampuni ya kebo yalipewa kamisheni ya takribani asilimia 5 ya mauzo katika maeneo yao. Kila upande ulinufaika pale penye kaya zenye kipato cha uhakika. Sehemu nyingine ya jibu, ambayo haitajwi mara nyingi, ni tofauti ya msingi kati ya kituo cha mauzo na kituo cha kawaida cha televisheni. Kituo cha kawaida huwauza watazamaji wake kwa watangazaji wa biashara, na katika soko la Marekani bei ya mtazamaji kwa muda mrefu ilipimwa kwa rika la miaka 18 hadi 49. Aliyevuka hapo alihesabiwa kuwa na thamani ndogo. Kituo cha mauzo hakimuuzi mtazamaji kwa yeyote, kinamuuzia bidhaa. Kwa hesabu hiyo, mwanamke wa miaka 58 aliyemaliza kulipia nyumba na kusomesha watoto ni mteja bora kuliko binti wa miaka 25. QVC ilizaliwa katika pengo lililoachwa na wengine, na kampeni yake ya mwaka 2024 kwa wanawake waliovuka miaka 50 ilitangaza waziwazi jambo lililokuwa likitendeka kimyakimya kwa miongo kadhaa.

Hata hivyo, umri na kipato havitoshi kumtambulisha mteja huyu. Taarifa za kampuni kwa wawekezaji zimeonyesha mara kwa mara kwamba takribani sehemu tisa kati ya kumi za mauzo hutokana na watu waliokwisha kununua hapo kabla. Anayetafutwa basi ni mwenye kurejea. Malipo kwa awamu, ruhusa ya kurudisha bidhaa, watangazaji wenye saa zao maalumu, bidhaa ya siku inayozinduliwa saa sita usiku, na simu za wanunuzi zinazorushwa hewani wakisifu walichonunua: yote haya hujenga mazoea. Horton na Wohl walieleza mwaka 1956 ukaribu ambao mtazamaji huuhisi kwa mtu wa kwenye kioo asiyemfahamu. Mwaka 1991 Grant, Guthrie na Ball-Rokeach waliuhusisha ukaribu wa namna hiyo na utegemezi wa watazamaji kwa vituo vya mauzo. Lugha ya Kiswahili ina neno linalobeba hali hiyo bila kuongezewa kitu: zamani “mteja” alikuwa pia mgonjwa aliye chini ya uangalizi wa mganga, mtu aliyefungamana na anayemhudumia.

Wapo wateja wengine. Wakusanyaji wa sarafu, wanasesere na vito wana vituo vyao, kama vile Jewelry Television ya Knoxville, Tennessee. Wanaume hufuatwa kwa saa za mkononi, visu na vifaa vya elektroniki. Makundi haya ni ya kweli, lakini hayakubadili sura ya sekta.

Kuhusu madhara, kumbukumbu za umma zinaelekeza mahali tofauti na panapodhaniwa. Mwaka 2009, QVC ilikubali kulipa dola milioni 7.5 kumaliza madai ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kwamba ilirusha vipindi vyenye maelezo ya uongo au yasiyo na ushahidi kuhusu virutubisho, vikiwamo vya kupunguza uzito, na krimu ya ngozi. Bidhaa hizo hazikumlenga mpweke wa usiku wa manane. Zilimlenga mteja yuleyule wa katikati, mwenye uwezo na maswali, aliyeanza kuhofia mwili wake. Uaminifu aliokuwa ameujenga kwa kununua sufuria na mablanketi yaliyokuwa kama yalivyoelezwa ndio uliomfanya aamini pia kidonge. Hapa ndipo hoja ya ulinzi wa mlaji inapopata mashiko: sufuria mbovu hurudishwa, na kosa huonekana jikoni siku ya kwanza, ahadi ya kidonge haina siku ya kuonekana.

Tangu kampuni mama ya QVC iinunue HSN mwaka 2017, vituo hivi viwili vimekuwa vikigombea hadhira inayopungua, kwa kuwa kaya nyingi za Marekani zimeacha kebo. Mwaka 2025 kampuni ilianza mauzo ya moja kwa moja ya saa 24 kwenye TikTok Shop. Mtazamaji wa huko hajui saa ya mtangazaji fulani. Kipande kimoja humpitia baina ya vingine, naye hununua au hupitisha kidole. Kwa tabia, anafanana zaidi na mwindaji wa bei wa mwaka 1985 kuliko na mwanamke wa West Chester, na bado kampuni inamhitaji arejee kama yeye.