Lawama Isimwangukie Rubani Peke Yake

Wananchi wa Msimbu, katika Wilaya ya Kisarawe, wamezoea ngurumo ya ndege zinazoshuka Dar es Salaam. Atazamaye kutoka shambani huona mabawa na mkia tu. Lakini ndani ya chumba cha rubani, hasa cha ndege ya kijeshi, kuna makumi ya swichi, mikono na geji, na kila kimoja hakina budi kujulikana kwa mahali pake na kwa kazi yake kabla injini haijawashwa. Jambo hili twalileta mbele ya wasomaji wetu kwa kuwa lamhusu kila mfanyakazi ashikaye mashine.

Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilipata hasara ya ajabu. Ndege kubwa za mabomu za B-17 zilitua salama, kisha, zikiwa zingali zakimbia uwanjani, rubani akakunja magurudumu na ndege ikalala kifudifudi. Wakubwa wakaandika kuwa ni kosa la rubani. Mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi, Alphonse Chapanis, akaingia mwenyewe katika chumba cha rubani kutazama. Akakuta kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vinavyoshushwa wakati wa kutua zimekaa jirani, nazo zafanana kama pacha. Marubani wa ndege za mizigo za C-47, ambazo mikono yake haikufanana hivyo, hawakufanya kosa hilo. Je, marubani wa C-47 walikuwa na akili kuliko wenzao? Hasha. Dawa ilikuwa nyepesi: mkono wa magurudumu ukavishwa kigurudumu kidogo cha mpira, na ule wa vibawa ukapewa umbo la kabari, ili kiganja kijue kimeshika nini hata gizani. Mtindo huo ungalipo katika ndege za leo.

Mwaka 1947 wataalamu wawili, Paul Fitts na Richard Jones, walichambua masimulizi 460 ya makosa ya marubani. Waliona kuwa hata mpangilio wa mikono ya injini haukuwa mmoja. Katika B-25, mkono wa nguvu ya injini ulikuwa kushoto, wa pangaboi katikati, na wa mchanganyiko wa petroli na hewa kulia. Katika C-47 wa pangaboi ndio uliokuwa kushoto. Rubani aliyehamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine alikwenda na mazoea yake, na mazoea ndiyo yaliyomponza.

Taifa letu laijua habari hii vizuri. Jeshi la Wananchi liliundwa mwaka 1964. Wajerumani wa Magharibi walianza kutusaidia katika mambo ya anga, wakaondoka mwaka 1965 kwa ajili ya mzozo juu ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki. Wakaja Wakanada, na ndege zao kama Caribou, ambayo mikono ya injini yake imening'inia darini juu ya vichwa vya marubani, na geji zake zasoma futi na noti. Katika miaka ya 1970 tukapata ndege za kivita kutoka China, ambazo mkono wa nguvu umo ubavuni kwa kushoto, nazo zapima kwa mita na kilomita. Vijana wetu walijifunza mikono ya mataifa mawili, vipimo viwili, na maandishi ya lugha za watu. Hatudhani kuwa wananchi wamepata kuwapa sifa ya kutosha kwa hilo.

Marubani wa kivita wa zamani walifungwa kitambaa machoni, wakaamriwa kugusa kila chombo kwa kukitaja jina. Mazoezi hayo ni mazuri, ila hayamwondolei mtengenezaji wajibu wake.

Sasa tushuke chini, hadi kwenye mikorosho. Bomba la injini la kupulizia dawa lina mkono wa mwendo wa injini na mkono wa kufungulia dawa. Mengi huja na maandishi ya kigeni yanayofutika upesi. Kijana akifungua dawa bila kukusudia ikamrudia usoni, watu husema ni mzembe. Sisi twauliza kwanza: mikono hiyo ilitofautishwaje? Hali kadhalika kwa mashine ya kusaga mihogo na kwa trekta. Pale Kibaha, Shirika la Nyumbu, lililounda lori la jina hilo, lina mafundi wanaoweza kabisa kubandika majina ya Kiswahili juu ya kila mkono wanaoutengeneza.

Chama cha ushirika kinaponunua mabomba kisingoje kiwanda. Kopo moja la rangi nyekundu na kipande cha mpira wa baiskeli kilichofungwa kwenye mkono wa dawa vyatosha, na kazi hiyo ifanyike kabla bomba la kwanza halijatoka ghalani.