Kuhariri Picha Bila Kuharibu Chanzo: Rangi ya Ngozi katika Picha za Vitabu vya Shule Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza mbinu tatu za kuhariri picha kwa kompyuta, yaani matabaka ya marekebisho, vifuniko na usimamizi wa rangi. Mbinu hizo zinajadiliwa kwa kuzingatia tatizo moja: nyuso za watu weusi kufifia zinapochapishwa. Inaoneshwa kuwa tatizo hilo huanza kabla mtambo wa uchapaji haujawashwa, na kwamba linaweza kudhibitiwa kwa masharti machache ya mkataba.

1. Utangulizi

Teknolojia ya picha za rangi haikuzitendea haki ngozi zote tangu mwanzo. Kwa miongo kadhaa, maabara za Amerika Kaskazini zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la “Shirley”, zenye picha ya mwanamke mweupe. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, alieleza mwaka 2009 jinsi kadi hizo zilivyogeuka kipimo cha ngozi ya kawaida. Alieleza pia kuwa juhudi za kuboresha rangi za kahawia katika filamu zilichochewa kwa sehemu na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao.

Filamu imeachwa na wengi, lakini suala lenyewe halijaisha. Katika kitabu cha shule, uso uliogeuka doa jeusi haufundishi. Mwanafunzi anayetakiwa kutambua hisia za mhusika, au dalili za ugonjwa wa ngozi katika somo la afya, huulizwa kuhusu jambo ambalo ukurasa haumwoneshi.

2. Chanzo cha tatizo

Picha ya kawaida ya kompyuta hugawa kila moja ya rangi tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, katika ngazi 256 za mwangaza, kuanzia 0 hadi 255. Uso mweusi uliopigwa picha pamoja na shati jeupe la sare aghalabu hukaa katika ngazi za chini. Amri ya kurekebisha toni moja kwa moja hutazama ncha mbili za mgawanyo huo. Haitambui uso uko wapi. Kwa kuwa shati limekwisha kujaza ncha ya juu na nywele zimejaza ncha ya chini, amri hiyo huuacha uso kama ulivyokuwa. Msanifu akiamua kuongeza mwangaza wa picha nzima, shati hupoteza mikunjo yake na ngozi huonekana kama iliyopakwa majivu.

Sababu ya pili ni wino. Skrini hutoa nuru, ilhali uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Kinadharia, wino zote nne zinaweza kufikia jumla ya asilimia 400 mahali pamoja, lakini hakuna karatasi ya kawaida inayoweza kubeba kiasi hicho. Karatasi ya magazeti hukadiriwa kubeba takribani asilimia 240, na karatasi laini iliyopakwa asilimia 300 au zaidi. Aidha, katika karatasi isiyopakwa nukta za wino hutanuka, na vivuli vilivyotofautiana kwenye skrini huungana. Ngozi nyeusi, inayohitaji wino mwingi, huathirika kwanza.

3. Mbinu za kukabiliana nalo

3.1 Matabaka ya marekebisho. Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990, na matabaka yakaongezwa katika toleo la 3.0 la mwaka 1994. Tabaka la marekebisho halibadilishi picha yenyewe; huhifadhi maelekezo yanayotekelezwa juu yake. Msanifu anaweza kuyabadili au kuyafuta wakati wowote, na picha ya awali hubaki salama. Kinyume chake, faili la JPEG linalohaririwa na kuhifadhiwa upya mara kwa mara hupoteza taarifa kila mara. GIMP, programu huria isiyolipiwa, nayo imepanua uhariri usioharibu chanzo katika toleo la 3.0 la mwaka 2025.

3.2 Vifuniko. Kifuniko huamua tabaka lifanye kazi wapi: sehemu nyeupe huruhusu, nyeusi huzuia, na kijivu huruhusu kwa kiasi. Msanifu hufungua tabaka la mkunjo wa toni, huinua kidogo toni zilizo kati ya kivuli na wastani, na kuiacha ncha ya weusi mahali pake ili nywele na mboni zisififie. Kisha hujaza kifuniko weusi na kupaka weupe juu ya uso pekee kwa brashi laini. Umbo la uso mweusi husomeka sana kwa mng’ao wa paji na mashavu, hivyo mng’ao huo haupaswi kufutwa. Lengo ni kutenganisha toni, si kuing’arisha ngozi. Kwa kuwa chanzo kimehifadhiwa, mhakiki anaweza kulizima tabaka na kuona kama mpaka huo umevukwa.

3.3 Usimamizi wa rangi. Wasifu wa rangi hueleza jinsi mtambo na karatasi fulani vinavyotoa rangi. Kwa kutumia wasifu huo, skrini huweza kuigiza matokeo ya uchapaji kabla ya wino kutumika. Ubadilishaji kwenda wino nne ufanywe mwishoni, kwenye nakala, na wino mweusi uchukue sehemu ya kazi ya wino tatu za rangi ili jumla ipungue bila kuathiri umbo.

4. Athari za kisera

Asasi zenye mamlaka juu ya vitabu vya kiada, kama vile Taasisi ya Elimu Tanzania na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, zinaweza kuweka masharti matatu katika mikataba: kwanza, mchapishaji awasilishe faili lenye matabaka pamoja na picha ya awali, pili, wasifu wa rangi wa mtambo na karatasi utajwe mapema, tatu, sampuli yenye nyuso za rangi mbalimbali za ngozi ichapwe kwenye karatasi itakayotumika, na iidhinishwe kabla ya uchapaji wa jumla. Masharti haya hayalazimu kununua programu ghali. Yanahitaji muda kabla ya uchapaji, na muda huo ni nafuu kuliko kuchapa upya kitabu ambacho tayari kimo mikononi mwa wanafunzi.