Mdomo ukienda upande, si kila mara ni upepo mbaya

Mtu huamka alfajiri, akisukutua kutia udhu maji yakamtoka upande mmoja wa mdomo. Akijitazama kiooni, nusu ya uso imelegea na jicho halifumbi. Kwetu Pwani, neno la kwanza kusikika ni kuwa kapigwa na upepo mbaya. Nimewaona waliomaliza wiki nzima wakinywa kombe na kufukizwa ubani kabla ya kufika hospitali, na wiki hiyo ndiyo yenye thamani kubwa.

Tuangalie mshipa wenyewe. Ubongo una jozi 12 za mishipa ya fahamu, na wa 7 ndio unaoendesha uso. Huingia katika mfupa wa sikio pamoja na mshipa wa 8, ule wa kusikia, kisha hupita peke yake ndani ya kijia chembamba cha mfupa, kama sentimita 3 hivi. Hutokezea nyuma ya ndewe ya sikio, ukaingia kwenye tezi ya mate, na hapo hugawanyika matawi 5 yanayoenea kuanzia kipajini hadi shingoni.

Taabu iko katika kile kijia. Mshipa ukivimba, mfupa hautanuki, basi mshipa hubanwa. Humo pia hutoka vijitawi viwili: kimoja hutuliza kifupa kidogo cha ndani ya sikio kisitikisike kupita kiasi, kingine huchukua ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi. Ndiyo sababu mgonjwa huweza kulalamika kuwa adhana ya kipaza sauti inamuumiza sikio, na chakula hakina ladha. Jini hana haja hapo.

Ugonjwa huu huitwa kwa jina la Charles Bell, daktari wa Scotland aliyeueleza mshipa huu mwaka 1821.

Wengi huuogopa wakidhani ni kiharusi. Tofauti moja iko kwenye kipaji. Misuli ya kipaji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hivyo kwa kawaida mwenye kiharusi bado huweza kunyanyua nyusi zote mbili. Mshipa wenyewe ukibanwa, hata nyusi ya upande ule hainyanyuki. Lakini msikae nyumbani mkipima nyusi: uso ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama, kimbilieni hospitali saa ile ile.

Dawa ya kupunguza uvimbe, prednisoloni, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Ataiandika daktari, na mwenye sukari amwambie mapema, kwani dawa hiyo hupandisha sukari. Jicho lisilofumba litiwe matone na lifungwe usiku lisikauke. Wengi hupona baada ya wiki au miezi kadhaa.

Dua hakuna anayeikataza, Mtume (S.A.W.) mwenyewe alituamrisha kujitibu. Shekhe anaweza kumsomea mgonjwa hata kitandani hospitalini. Saa 72 zikishapita, hazirudi.